Ile ya Kumi na Mbili

Dada yangu alisema: mnunulie baiskeli.
Mama yake mzazi kasema, na mimi mjomba
nikaitikia ndiyo, ndiyo, kisha nikamshika mtoto mkono,
tukapanda tramu hadi dukani kwa Hynek,
Olomouc, mwezi wa Februari, theluji imegeuka uji.

Apolena ana miaka sita na jino moja linalocheza.
Nami nataka kumpa mashine isiyojua betri,
filamu pana kama kiganja chake,
picha kumi na mbili, basi.
Ya kumi na tatu haipo hata ukilia.

Hynek akapanga nne juu ya kaunta.

Ya kwanza nzito. Aliipima
kwenye mizani ya kahawa yake: kilo moja na nusu.
Ikipiga, ni kama mtu kaubamiza mlango kwa hasira.
Apolena akavikwa shingoni, akainama
kama anayetafuta sarafu. Tukamvua.

Ya pili hukunjuka, tumbo la ngozi kama kodiani.
Nikakitazama kidole cha mtoto. Nikalitazama tumbo.
Hapana.

Ya tatu ndiyo niliyoijia, nikiri.
Macho mawili, moja juu ya jingine,
mzaliwa wa Přerov, hapo tu kwa treni.
Marehemu baba alikuwa nayo, akaiuza
mwaka makaa yalipopanda bei, asiitaje tena.
Huchungulii; unainamia kioo kama kisima,
na humo Hynek akienda kulia, anakwenda kushoto.
Apolena alimwendesha mara tano,
akacheka mpaka kwikwi ikamshika.
Nikatoa pochi.

"Ipi inaweza kuanguka?"

Watu wazima wawili, nusu saa nzima,
tumeshajadili ukungu wa lenzi,
bei ya kusafisha filamu siku hizi,
na hilo hakuna aliyeliuliza.
Hynek akainyanyua ya nne, sanduku jeusi la bati,
akaiachia.
Ikatua zuliani, ikalala ubavu kama paka asiyejali.
Akaiokota, akabonyeza: tk.
Bei yake haifiki ya glavu alizozipoteza Desemba.

Lakini si hilo lililoamua.
Nyuma yake kuna kidirisha chekundu,
na filamu ukiizungusha, vinapita kwanza vidoti,
halafu, taratibu, namba.
Apolena akabandika jicho.
"Wanalala na taa?"
Sikuwa na jibu. Nikalipa.

Ya kwanza ilikwenda kwa buti zake mwenyewe.
Namba mbili aliipiga mara mbili, kwa sababu ni mbili.
Ya tano ni jirani, Bi Květuše,
aliyeamriwa kutulia hata supu ikafurika jikoni.
Ya nane, giza la kabatini: alitaka kujua
giza likipigwa picha linakaaje.
Ya kumi na moja sijui. Alifunga mlango.

Hiyo ilikuwa Machi.

Sasa ni Juni. Baiskeli imenunuliwa,
na magoti yote mawili yana ushahidi.
Sanduku liko juu ya friji.
Kila Jumapili naligeuza: kumi na mbili, nyekundu,
kama abiria aliyelala hadi kituo cha mwisho.
Dawa zangu bafuni zinakaribia kuharibika.
Nimembembeleza: piga mkate. Piga mvua.
Nipige mimi, hata kichwa kikikatika si neno.

Akanitazama, pengo wazi pale palipokuwa na jino,
kama mimi ninavyowatazama kazini, tramu namba nne,
wanaodai wameiacha tiketi nyumbani.

"Hiyo bado haijatokea, mjomba,"
akasema, akairudisha juu ya friji,
kwa kiti, kwa mikono miwili.